Ng'ombe mgonjwa ndiye anachafua hewa zaidi, na mjadala wa chanjo umeenda kombo

Tangu serikali ya Kenya itangaze mwishoni mwa 2024 kwamba ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 watachanjwa nchi nzima, hii stori haijawahi kutulia. Kila grupu ya WhatsApp niliyomo, ya kanisa, ya chama, ya watu wa nyumbani, ilipata ile sauti iliyorekodiwa ya mtu anasema kwa uchungu kwamba sindano hiyo si ya ugonjwa, ni ya kuzuia ng'ombe asitoe gesi, eti Bill Gates na wenzake wameshaamua mifugo ya Mwafrika ndiyo inaharibu hali ya hewa na sasa wanataka kuimaliza polepole. Serikali nayo ikajibu kwa ukali kwamba hii ni chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe na sotoka kwa mbuzi na kondoo, hayo mambo ya methani, yaani hiyo gesi anayotoa ng'ombe, ni uongo, ikaishia hapo. Mimi naona pande zote mbili ziliacha kitu cha maana katikati. Chanjo hii si ya methani, hilo ni kweli kabisa na mtu asikudanganye. Lakini afya ya mifugo na hali ya hewa ni mambo yanayoshikana, kwa sababu ukipima gesi anayotoa ng'ombe dhidi ya kile anachokupa, ng'ombe mgonjwa ndiye mchafuzi mkubwa kuliko wote. Kumkinga na ugonjwa ni moja ya hatua bora kabisa za tabianchi ambazo nchi ya wafugaji inaweza kuchukua, na ni hatua ambayo mfugaji mwenyewe angeichukua hata kama hajawahi kusikia neno tabianchi. Hilo lingesemwa wazi tangu mwanzo nadhani nusu ya huu ugomvi haingekuwepo.

Wacha kwanza tuangalie kwa nini uvumi ulishika, maana kuwaita watu wajinga hakusaidii mtu. Ni kweli kuna watu wanatafuta chanjo ya methani. Mwaka 2024 mfuko wa Bezos Earth Fund ulitoa dola milioni 9.4 kwa Pirbright Institute na Royal Veterinary College kule Uingereza kwa ajili ya utafiti huo, na kampuni moja ya Marekani inaitwa ArkeaBio imepata pesa kutoka kwa mfuko wa uwekezaji ulioanzishwa na huyo huyo Gates. Wazo lao ni mwili wa ng'ombe utengeneze kingamwili zinazoshuka na mate mpaka tumboni zikapambane na vijidudu vinavyotengeneza gesi. Bado ni utafiti, haijaingia sokoni. Ni kweli pia Denmark walikubaliana 2024 kutoza kodi gesi ya mifugo kuanzia 2030, ambapo mkulima wa huko baada ya nafuu ya kodi atalipa kroner 120 kwa kila tani ya gesi ikipimwa kama kaboni dioksidi, ikipanda mpaka 300 mwaka 2035, na New Zealand walitaka kufanya kitu kama hicho 2022, wakulima wakaingia barabarani na matrekta, serikali iliyofuata ikautupa mpango wenyewe 2024. Sasa ongeza ya kwetu. Kaskazini mwa Kenya kuna mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya udongo wa malisho, ambapo wafugaji wanaambiwa namna ya kulisha mifugo ili udongo uhifadhi kaboni na kampuni za nje zinanunua hizo hesabu za kaboni kufidia moshi wao, na Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii kule Isiolo, moja ikiwa kwenye eneo la mradi, zilianzishwa kinyume cha sheria. Kwa hivyo mfugaji wa huko akisikia mifugo, hali ya hewa na pesa za wazungu kwa sentensi moja, ana haki kabisa ya kuuliza mara mbili mbili.

Ila kuuliza ni kitu kimoja na kukataa sindano ni kitu kingine. Chanjo ya miguu na midomo inayotumika hapa inatengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali, pale Embakasi, na imekuwa ikidungwa ng'ombe wa nchi hii kwa miongo. Ndani yake ni virusi vilivyouawa, kazi yake ni kufundisha mwili utambue adui. Kinga yake haikai sana, kama miezi sita hivi unatakiwa urudie, na kirusi chenyewe kina aina kadhaa hapa kwetu, O, A, SAT 1, SAT 2, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Ndio maana utasikia mtu anasema tulichanja na bado ugonjwa ukaja, na anasema ukweli, na hajawahi kuelezwa sababu.

Tuje kwa gesi yenyewe. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wanakula kitu ambacho sisi hatuwezi, nyasi kavu na majani magumu, na wanaweza kwa sababu tumbo lao la kwanza limejaa vijidudu vinavyochachusha hicho chakula. Katika kuchachusha inatoka haidrojeni, vijidudu vingine vinaichukua vinatengeneza methani, na mnyama anaitoa kwa mdomo akipiga mbweu. Zaidi ya asilimia 90 inatoka mdomoni, si huko nyuma ambako watu wanapenda kuchekea. Methani haikai angani muda mrefu, kama miaka 12 hivi, lakini ikiwa huko inashika joto vibaya sana: ukipima kwa miaka 100 tani moja ya methani ni sawa na kama tani 27 za kaboni dioksidi, ukipima kwa miaka 20 inafika kama 80. Na kati ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu, kilimo ndicho kina karibu asilimia 40, mifugo peke yake 32, mpunga 8. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye hesabu yao ya 2023 wanasema mifugo kwa jumla, ukiweka chakula chake, samadi na kila kitu, inachangia kama asilimia 12 ya gesi zote za binadamu. Hizi si porojo za watu wanaochukia nyama.

Kwa Kenya picha ni ya ajabu kidogo. Kilimo ndicho chanzo kikubwa cha gesi za nchi hii, na mifugo ndiyo inaongoza ndani ya kilimo, na watu wakiona hivyo wanadhani basi mfugaji wa Kenya ana dhambi kubwa sana. Lakini angalia kwa nini kilimo kiko juu. Umeme wetu karibu asilimia 90 unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na jua, viwanda vyetu ni vichache, magari si mengi kwa hesabu ya watu. Pale ambapo nchi zingine zimejaza moshi wa makaa ya mawe sisi hatuna kitu, kwa hivyo ng'ombe anaonekana mkubwa. Na Kenya nzima na kila kitu chake haifiki hata nusu ya asilimia moja ya gesi za dunia.

Sasa hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo, na naomba tukae hapa kidogo. Kwa miaka mingi nchi nyingi za Afrika zilihesabu gesi za mifugo kwa kutumia jedwali la 2006 la IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, kwa sababu hazikuwa na vipimo vyake. Kwenye lile jedwali ng'ombe wa maziwa wa Marekani Kaskazini amewekewa kilo 128 za methani kwa mwaka, wa Afrika na Mashariki ya Kati kilo 46. Ukiishia hapo utasema basi ng'ombe wao anachafua karibu mara tatu ya wetu, na utakuwa umesema kweli. Lakini jedwali hilo hilo linasema yule wa kwao anatoa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka na wa kwetu 475. Gawanya. Wao ni kama gramu 15 za methani kwa kila kilo ya maziwa, sisi ni kama gramu 97, zaidi ya mara sita. Na hiyo pia ni kweli. Mtu wa Ulaya anakuja na hesabu ya kilo ya maziwa, mtu wetu anajibu na hesabu ya ng'ombe au ya kichwa cha binadamu, kila mmoja anaondoka amejiona mshindi. Mimi nasema hesabu ya kila kilo ya maziwa isitumike kamwe kumhukumu mfugaji, kwanza haihesabu kwamba huyo ng'ombe wa Pokot au wa Garissa ni benki, ni mahari, ni karo ya shule, na kwingine ndiye analima. Lakini kama kipimo cha kutuonyesha wapi tunapoteza, hiyo hesabu ni ya thamani sana, kwa sababu zile gramu 97 kwa sehemu kubwa ni hasara ya mfugaji mwenyewe. Chakula kilichogeuka gesi badala ya kugeuka maziwa ni chakula alichokilipia yeye, kwa pesa au kwa kutembea kilomita nyingi juani.

Na hapo ndipo ugonjwa unaingia. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kijijini kwetu Nyandarua niliuona kwa jirani. Mate yanamtiririka ng'ombe mpaka chini, ulimi umejaa malengelenge na ngozi ya juu yake inabanduka, anasimama anainua mguu huu anaweka, anainua ule, hataki kukamuliwa kwa sababu hata chuchu zina vidonda. Zile siku za homa hataki kula, kwa hivyo hata gesi inapungua. Shida ni baadaye. Anapona, anaanza kula vizuri, anacheua kutwa nzima, gesi inatoka vile vile, lakini maziwa hayarudi pale yalipokuwa, wengine hawarudi kabisa. Ni matatu iliyowashwa steji injini inanguruma, mafuta yanaungua, na hakuna abiria. Ndama wachanga wanakufa ghafla moyo ukishambuliwa, na kila ndama jike aliyekufa ni mtamba ambaye utasubiri miaka mitatu au zaidi kumpata mwingine, na miaka yote hiyo mama zao wanakula na kutoa gesi bila kuacha wa kuwarithi. Halafu inakuja karantini. Soko la mifugo linafungwa, fahali aliyekuwa tayari kuuzwa anakaa malishoni miezi mingine, anakonda ukame ukifika, anarudi kunenepa mvua ikinyesha, anauzwa kwa uzito ule ule wa mwaka uliopita baada ya kutoa methani ya mwaka mzima zaidi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ndiyo mbaya hata kuliko hiyo, ikiingia kwa kundi ambalo halijawahi kuiona inaweza kufagia zizi. Yaani gesi ilishatoka, na nyama haikuliwa na mtu.

Kuna hoja ambayo naisikia sana kutoka kwa watu wa upande wetu na ndiyo naona dhaifu kuliko zote: kwamba ng'ombe ni wa asili, walikuwepo tangu enzi za mababu, nyumbu wa Mara nao wanacheua na hakuna mtu anawatoza kodi, kaboni imetoka kwa nyasi na itarudi kwa nyasi, kwa hivyo hakuna shida. Sehemu ya kaboni kurudi kwa nyasi ni kweli, na ni tofauti ya maana kati ya ng'ombe na mafuta ya petroli, manake petroli inatoa kaboni iliyokuwa imezikwa mamilioni ya miaka. Lakini ile kaboni ikipitia tumboni inaenda angani kama methani kwanza, na kwa ile miaka 12 kabla haijavunjika inashika joto mara nyingi zaidi kuliko ingekuwa kaboni dioksidi ya kawaida. Idadi ya mifugo ikikaa pale pale kwa miongo, methani inayoingia na inayovunjika zinakaribia kulingana na joto haliongezeki sana kutoka kwa hilo kundi. Idadi ikipanda, joto linapanda, na linapanda haraka. Na dunia haina ng'ombe wa enzi za mababu, iko na kama bilioni 1.5. Kusema ni wa asili hakubadilishi fizikia. Isitoshe hii hoja inatuumiza sisi kwanza, kwa sababu ule ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ikakosa kufuatana, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 Kenya peke yake. Hakuna mtu ana sababu kubwa ya kutaka joto lishuke kuliko mfugaji wa Marsabit.

Ile hoja nyingine, kwamba mchango wa Kenya ni mdogo sana, yenyewe naiheshimu zaidi, lakini inafanya kazi moja tu. Inasema ni nani alipe, na jibu lake ni sahihi: alipe aliyechafua, na huyo si mchungaji wa mbuzi. Haisemi kwamba sisi tusifanye jambo ambalo lina faida kwetu wenyewe.

Upande wa pili una hoja moja nzito ambayo sitaki kuipita haraka. Watu wanaofuatilia hizi hesabu wanasema: sawa, chanja, ponya, ndama waache kufa, lakini si mwisho wake ni mifugo kuwa mingi zaidi? Gesi kwa kila lita itapungua na gesi ya jumla itapanda. Wana haki ya kuuliza. Mfugaji wa nyanda kavu anafuga wengi kwa akili, si kwa sifa. Mwenye ng'ombe 60 ukame ukichukua 40 amebaki na pa kuanzia, mwenye 15 wazuri wakifa 12 ameisha. Kwa hivyo ukimwambia apunguze kwanza ndipo umpe chanjo unamwambia avue koti wakati mvua inanyesha. Lakini mpangilio ukiwa kinyume, kwamba kwanza vifo vipungue, soko lisifungwe kila mara kwa karantini, kuwe na nyasi za akiba na bima inayolipa kwa wakati, hapo ndipo ile sababu ya kufuga wengi inaanza kupungua yenyewe. Sisemi itatokea kila mahali. Inawezekana kabisa jumla ya gesi za mifugo wa Kenya ikapanda kidogo hata tukifanya kila kitu vizuri, kwa sababu watu wanaongezeka na watoto wengi bado hawapati maziwa ya kutosha. Mimi hilo nalikubali bila aibu. Mtoto wa Turkana kupata kikombe cha pili cha maziwa si kitu cha kuombewa ruhusa Copenhagen, na mahali pa kukata kwa nguvu ni kule ambako nyama inaliwa kupita mahitaji ya mwili na makaa ya mawe bado yanachomwa.

Kitu ambacho kinaniudhi kweli ni vile tunabishana na vipimo vya watu wengine wakati vyetu vipo. Pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, kuna maabara inaitwa Mazingira Centre, ambapo ng'ombe wa hapa anaingizwa kwenye chumba maalum, anakula, na hewa yote inayotoka inapimwa. Wamepima mavi na mkojo wa ng'ombe malishoni pia, na walichokuta ni kwamba oksidi ya nitrasi, gesi nyingine inayoshika joto, inayotoka kwa mavi ya ng'ombe wa Kenya ni kidogo kuliko ile ya jedwali la IPCC, kwa sababu ng'ombe wetu wanakula nyasi zenye nitrojeni kidogo. Ukisoma hapo unashangilia. Lakini utafiti mwingine wa 2020, uliofanywa kwenye maboma ya wafugaji Kenya, ulikuta kinyume: pale mifugo inapolazwa usiku baada ya usiku, samadi inajaa, na ile samadi inaendelea kutoa oksidi ya nitrasi kwa wingi hata zaidi ya miaka 40 baada ya boma kuhamwa. Gesi hiyo ni kali kuliko kaboni dioksidi kama mara 270. Na jambo hili lina dawa iliyo mbele ya macho yetu, manake malori yanabeba samadi ya maboma ya Kajiado na Narok kupeleka kwa mashamba ya mboga huko juu kila siku. Ikitolewa mapema kabla haijarundikana miaka, mfugaji anapata pesa na mkulima anapunguza mbolea ya dukani, ambayo nayo inatoa gesi hiyo hiyo. Nani analiweka hili kwenye mpango wa tabianchi wa kaunti? Kelele zote ziko kwa Gates.

Kwa hivyo kuna mambo yanafuata kutoka hapa. Serikali ikirudi na awamu nyingine ya chanjo, na lazima irudi kwa sababu kinga ya miguu na midomo ni ya kama miezi sita, iende na maelezo kwanza: aina gani za kirusi ziko ndani ya chupa, imetengenezwa lini, itarudiwa lini, nani analipa, na daktari wa mifugo asimame pale sokoni Isiolo au Suswa siku ya soko ajibu maswali ya wazee kwa lugha yao. Tanzania nao walizindua kampeni yao ya chanjo na utambuzi wa mifugo Juni 2025 kule Bariadi, na wao pia watakutana na maswali haya haya, hasa kwa zile hereni za masikioni ambazo mtu anajiuliza zinahesabiwa kwa faida ya nani.

Halafu kuna la pesa, ambalo naona litakuja haraka kuliko watu wanavyodhani. Kenya iliahidi kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ukilinganisha na vile zingekuwa tukiendelea kama kawaida. Ng'ombe wenye afya wakipunguza gesi kwa kila lita, siku moja mtu atakuja kuhesabu hicho kilichopungua na kukiuza kwa kampuni ya nje, kama vile kaboni ya udongo ilivyouzwa. Hiyo hesabu itakuwa imetokana na sindano aliyoikubali mfugaji, na ndama aliyemlea, na samadi aliyoitoa bomani kwa koleo. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi tuliyofanyia marekebisho 2023 inasema jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa miradi ya ardhi, lakini mfugaji wa Nyandarua mwenye ng'ombe watatu kwa ekari moja yake si mradi wa ardhi ya jamii, na sioni mahali ameandikwa. Hilo linatakiwa kujazwa kabla mnunuzi wa kwanza hajafika, na wa kulisukuma ni vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo tayari vina daftari la kila mwanachama na kila lita aliyoleta.